Warriors wa 73-9: kipi hasa kiliwanyima kombe mwaka 2016?

#1 Mzee wa Robo ya Nne

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu ana miaka 14. Jana alikuwa anapekua rekodi za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwenye simu, akafika msimu wa 2015-16: Golden State Warriors, kushinda 73, kufungwa 9. Akaniambia, "Kaka, hawa ndio walibeba ubingwa mwaka huo." Nikamwambia hawakubeba. Akanitazama kama mtu anayedanganywa, akaniuliza kwa nini. Nilizungumza robo saa nzima na bado hakuridhika. Mimi mwenyewe sikuridhika.

Kwa wale ambao hawakuufuatilia msimu ule: walianza kwa kushinda mechi 24 mfululizo, mwanzo ambao hakuna timu iliyowahi kuupata. Steph Curry alifunga mitupo 402 ya pointi tatu. Rekodi ya kabla yake ilikuwa 286, nayo aliiweka yeye mwenyewe mwaka mmoja nyuma. Wakaipita 72-10 ya Chicago Bulls iliyokuwa imekaa miaka 20. Msimu wa kawaida wote hawakufungwa mechi mbili mfululizo hata mara moja. Wakaingia fainali, ambako wa kwanza kushinda mechi nne ndiye bingwa, wakaongoza 3-1 dhidi ya Cleveland Cavaliers, na hapo hakuna timu iliyowahi kuongoza fainali 3-1 ikakosa kombe.

Wakafungwa tatu mfululizo.

Langu naliweka mezani mapema: ni kufungiwa kwa Draymond Green mechi ya tano. Wangemalizia kazi siku ile nyumbani kwao Oakland, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kipanga wa Tanga

Jibu ni jina moja: LeBron James wa Cleveland. Uzi ufungwe.

#3 Binti Upanga

Kipanga, hatufungi uzi kwa jina moja. LeBron alicheza pia mechi ya kwanza hadi ya nne, na tatu kati ya hizo alifungwa. Mechi ya pili walipigwa 110-77 yeye akiwa uwanjani. Tuulizane nini kilibadilika baina ya mechi ya nne na ya tano.

#4 Mtoto wa Kizingo

Namuunga mkono mleta uzi. Yule Green ndiye aliyekuwa roho ya ulinzi wao. Alifungiwa kwa sababu ya lile teke alilompiga Steven Adams wa Oklahoma sehemu za siri, na mimi mpaka leo nasema adhabu ilichelewa kutolewa ikamkuta pabaya.

#5 Dk. Takwimu

Mtoto wa Kizingo, nakusahihisha kidogo. Teke la Adams lilikuwa fainali ya Magharibi, hatua ya kabla ya fainali kuu, na peke yake halikumfungia. NBA kwenye mtoano wanahesabu alama za faulo kali: zikifika nne unakosa mechi inayofuata. Green alikuwa na moja tangu mechi za Houston alipomwangusha Michael Beasley, teke la Adams likampa mbili, jumla tatu. Kisha mechi ya nne ya fainali, mechi ambayo tayari walikuwa wanaishinda, akarushiana mikono na LeBron. Waamuzi hawakuipa uzito uwanjani, ligi ikaipitia baadaye ikampa alama ya nne. Siku ya mechi ya tano alikuwa kwenye chumba cha watazamaji cha uwanja wa besiboli ulio jirani, anaangalia runinga, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka wenzake walipokuwa wanapigwa 112-97.

Usiku huo LeBron alifunga 41 na Kyrie Irving 41. Wachezaji wawili wa timu moja kufikisha 40 kila mmoja kwenye mechi moja ya fainali, hilo halikuwahi kutokea kabla.

#6 Nyani Mzee

Mnamzungumzia Green peke yake, mbona hamumtaji Andrew Bogut wa Warriors? Mechi hiyohiyo ya tano, robo ya tatu, J.R. Smith alimwangukia gotini na Mwaustralia wa watu hakucheza tena. Green alirudi mechi ya sita. Bogut hakurudi. Angalieni LeBron na Kyrie walivyokuwa wanapita katikati mechi ya sita kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Pale chini hapakuwa na senta, yule mrefu wa kulinda ringi, wa kuwasubiri.

#7 Kipanga wa Tanga

Naona mnatafuta mchawi. Mara Green, mara Bogut. Kevin Love wa Cleveland aliumia kichwa mechi ya pili, mechi ya tatu hakucheza, na Cleveland wakashinda 120-90 bila yeye. Mbona hao hawakusema tumekosa mtu?

LeBron katika fainali ile aliongoza wachezaji wote wa timu zote mbili kwa pointi, ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kikapu), asisti (pasi za kufungia), kupokonya mipira na kublok mitupo. Vitu vyote vitano. Nileteeni mwingine aliyefanya hivyo katika mfululizo wowote wa mtoano, kisha ndiyo tuzungumze habari ya Bogut.

#8 Mzee wa Robo ya Nne

Hoja ya Love nimeipokea, ni nzito. Sikuwa nimeifikiria.

#9 Mwana Lubumbashi

Bandugu, mujambo. Niko Toronto miaka mingi sasa, ruhusuni na mie niseme.

Watu wanasema Cleveland walikuja fainali kama mto unaoshuka. Walikuwa wameshinda mechi kumi za kwanza za mtoano bila kufungwa, Detroit na Atlanta wote wakaondoka bila ushindi hata mmoja. Aliyewasimamisha mara ya kwanza ni Bismack Biyombo, mtoto wetu wa Lubumbashi. Mechi ya tatu ya fainali ya Mashariki, hapa Toronto, Biyombo alichukua ribaundi 26. Ishirini na sita! Nilikuwa nyumbani na ndugu saba sebuleni, kila mpira ukigonga chuma tunasema "wake", na kweli ni wake. Toronto walishinda ile na inayofuata, ikawa 2-2.

Kwa hiyo LeBron anazuilika. Kinachomzuia ni mtu mrefu mwenye miguu myepesi anayesimama chini ya ringi na haogopi. Cleveland wakamaliza 4-2, sawa, lakini Warriors walipompoteza Bogut walibaki bila mtu wa namna hiyo. Nyani Mzee ana haki.

#10 Nyani Mzee

Asante Mwana Lubumbashi. Angalau mmoja amenisikia.

#11 Maskati Usiku

Mmenikumbusha mbali. Mechi ya saba iliangukia ndani ya Ramadhani. Huku Oman ilianza saa kumi alfajiri, daku tumeshamaliza. Nilirudi kutoka kusali nikakuta robo ya kwanza inaendelea, nikaiangalia yote midomo imekauka. Pale dakika za mwisho moyo unakwenda mbio na huwezi hata kupiga funda la maji.

Kuhusu mada: kwangu ni uchovu. Wale vijana walitumia nguvu zao Aprili kutafuta ushindi wa 73.

#12 Mtoto wa Kizingo

Yakhe, mie usiku ule siusahau mpaka naingia kaburini. Mombasa mechi ilianza saa tisa usiku. Mapumziko Warriors wanaongoza 49-42, mama ananiita nile daku, nikala wali wa nazi na sahani mapajani mbele ya runinga. Adhana ya Alfajiri ikaniwahi, mpira bado unachezwa. Marehemu baba alikuwa mlangoni kashavaa kofia, ananitazama tu, hasemi neno. Nikasimama. Ubao unasoma 89-89.

Nikasali safu ya pili. Tulipotoa salamu nikasikia ukelele kutoka nyumba ya jirani wetu, naye ni mtu wa Cleveland sugu. Nikajua pale pale. Sikuhitaji kuuliza.

#13 Kocha Kidongo Chekundu

Hoja ya Maskati Usiku ya uchovu ndiyo ninayoiamini, ila iwekwe vizuri. Tatizo halikuwa Aprili peke yake.

Mtoano wao ulikuwa mgumu kuliko watu wanavyokumbuka. Houston, mechi ya kwanza tu, Curry kifundo cha mguu. Mechi ya nne akateleza palipokuwa na jasho sakafuni, goti likapinda, akakaa nje wiki mbili. Akarudi Portland mechi ya nne akitokea benchi, akafunga 40, kati ya hizo 17 ndani ya dakika tano za nyongeza. Kila mtu akasema kapona. Kisha Oklahoma City ya Durant, Westbrook na Serge Ibaka ikawaweka chini 3-1, wakalazimika kushinda tatu mfululizo. Mechi ya sita kule Oklahoma, Klay Thompson akafunga mitupo 11 ya pointi tatu, jumla 41, ndiyo wakapona. Huo ni mlima. Unaufika juu magoti yanatetemeka, halafu unaonyeshwa mlima mwingine unaoitwa LeBron.

Linganisha na Bulls wa 1996. Kabla ya fainali walifungwa mechi moja tu. Miami 3-0, New York 4-1, Orlando 4-0. Walifika kwa Seattle miguu ikiwa bado mizima, wakamaliza 4-2.

#14 Shangazi wa Jangwani

Wanangu, sisi mashabiki wa Yanga tunalijua hilo la rekodi. Mechi 49 za ligi bila kufungwa, nchi nzima inahesabu, kila anayekuja anataka awe yeye wa kuivunja. Novemba 2022 Ihefu wakatupiga 2-1. Rekodi ni mzigo kichwani, na kila anayekutana nawe anataka kuuangusha.

#15 Kipanga wa Tanga

Shangazi shikamoo. Lakini msimu huo huo mlibeba ubingwa! Mfano wako unampa haki Jordan wa Bulls, haumpi Curry. 😄

#16 Shangazi wa Jangwani

Marahaba mwanangu. Tulibeba, ndiyo. Na tuliposhinda hatukuwa na la kuuliza, ndiyo maana ninyi mnaandika uzi na mimi nalala.

#17 Dk. Takwimu

Naomba niwaonyeshe kitu. Chukueni karatasi.

Warriors, mechi sita za kwanza: 104, 110, 90, 108, 97, 101.
Cavaliers: 89, 77, 120, 97, 112, 115.

Jumlisheni. Zote mbili ni 610. Yaani baada ya mechi sita hakuna aliyemzidi mwenzake hata pointi moja. Mechi ya saba wakafikia 89-89 zikiwa zimebaki dakika nne na sekunde 39, maana yake ni 699 kwa 699. Kuanzia hapo Warriors, timu iliyofunga kuliko zote msimu ule, hawakupata tena pointi hata moja. Cleveland walipata nne: tatu za Kyrie na mtupo huru mmoja wa LeBron. 93-89.

Kwa hesabu hiyo, kila sababu mnayotaja hapa inatosha. Bogut angezuia kikapu kimoja. Green angekuwepo mechi ya tano. Miguu ya Curry ingekuwa mipya. Mizani ikiwa sawa kiasi kile, hata unyoya unaiangusha. Mimi nimeshindwa kujua unyoya upi.

#18 Binti Upanga

Daktari, hiyo 610 kwa 610 nimeihesabu mara mbili kwa kikokotoo. Ni kweli. Mwili umesisimka.

Lakini kama tunatafuta unyoya, mimi namtaja Harrison Barnes. Mechi tatu za mwisho alirusha mitupo 32, ikaingia mitano. Na ilikuwa mitupo ya wazi! Cleveland walikuwa wanamwacha makusudi ili wakamsaidie mwenzao anayemlinda Curry. Ungekuwa na mitano mingine tu kati ya ile 27, kombe liko Oakland.

#19 Fundi wa Sakafu

Nimepita kusoma, nikaona niongeze. Hao 24-0 walikuwa na kocha Steve Kerr, aliyekuwa mchezaji wa Bulls wa 72-10. Jamaa yuko kwenye timu zote mbili, moja kama mchezaji, nyingine kama kocha. Nadhani ilimpa kiburi.

#20 Dk. Takwimu

Nusu sahihi. Kerr kweli alikuwa Bulls 1996. Lakini zile 24-0 hakukaa benchi hata siku moja, alikuwa anauguza mgongo baada ya upasuaji. Aliyekaa ni msaidizi wake Luke Walton, akaiongoza timu kwa 39-4 hadi Kerr aliporudi Januari. Kwenye vitabu ushindi wote uliandikwa jina la Kerr, na tuzo ya kocha bora akapewa yeye. La kiburi sikubaliani nalo.

#21 Fundi wa Sakafu

Asante kwa marekebisho. Basi nibadilishe: kosa la Kerr ni mechi ya saba yenyewe. Bogut hayupo, akawaingiza Festus Ezeli na Anderson Varejao. Robo ya nne LeBron akamvuta Ezeli nje kwenye mstari, akapata faulo ya mitupo mitatu huru, muda mfupi baadaye akapiga ya tatu. Warriors walikuwa wanaongoza. Kikosi chao kidogo chenye Green katikati ndicho kilichowafikisha pale, kwa nini ukiache dakika hizo?

#22 Nyani Mzee

Kwa sababu HAKUWA NA BOGUT. Unaona jinsi kila njia inavyorudi kwangu?

#23 Binti Upanga

Niseme la kwangu, maana linafanana.

Nilicheza kikapu sekondari. Mwaka wangu wa mwisho hatukufungwa mashindano yote hadi fainali ya mkoa. Siku moja kabla, mchezeshaji wetu alifungiwa kwa kumjibu mwamuzi. Tulifungwa kwa pointi mbili. Miaka yote nimekuwa nikisema tulifungwa kwa sababu yake. Mwaka jana tulikutana harusini, wote tumekuwa mama wa watu, nikamwambia kwa utani. Akaniambia, "Dada, ulikosa mitupo huru sita siku ile. Nilikuwa jukwaani nazihesabu." Sikuwa nimezikumbuka hata moja. Nilipofika nyumbani zikaanza kurudi, moja moja, hadi ile ya mwisho iliyozunguka kwenye chuma ikatoka.

Ndiyo maana namwonea huruma Green. Mechi ya saba alifunga 32, ribaundi 15, asisti 9, na mitupo sita ya tatu kati ya minane. Alirudi akacheza mechi ya maisha yake. Kila mtu anakumbuka ile aliyokosa.

#24 Mzee wa Robo ya Nne

Dada, umenigusa. Ile niliyoandika juu kuhusu Green siifuti, lakini sitaisema tena kwa ukali ule.

#25 Kipanga wa Tanga

Pole Binti Upanga, heshima yako.

Nitoke nje ya mada kidogo. Mnajua Curry alipatikana vipi? Drafti ya 2009, yaani timu za NBA zikichagua wachezaji wapya kwa zamu, mtu wa kwanza kuchaguliwa ni Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania. Curry wa saba. Fikiria Memphis wangefanya vingine.

#26 Dk. Takwimu

Wa pili. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Thabeet wa pili kwa Memphis, James Harden wa tatu. Na Minnesota walikuwa na nafasi ya tano na ya sita, wakachukua wachezeshaji wawili wa umbo la Curry, Ricky Rubio na Jonny Flynn, wakamwacha Curry mwenyewe. Kwa hiyo wa kulaumiwa si Memphis peke yao. Wa pili katika drafti ni heshima ambayo Tanzania haijaipata tena.

#27 Kocha Kidongo Chekundu

Msimtaje Thabeet kwa kubeza, nawaomba. Mwaka 2009 mtu wa futi 7 na inchi 3 aliyekuwa anafagia mipira angani pale Connecticut, timu yoyote ingemchukua. Mchezo wa wakati ule ulikuwa unajengwa kutoka chini ya ringi kwenda nje. Hakuna aliyejua kuwa miaka saba baadaye kijana mwembamba atafunga 402 kutoka mbali na senta warefu wataanza kukosa kazi.

Hapa kiwanjani nafundisha watoto Jumamosi. Zamani mtoto akishika mpira anakimbilia chini ya ringi. Siku hizi anasimama karibu na mstari wa katikati, miguu haijatulia, mpira umeanzia kiunoni kwa sababu mikono haina nguvu, anaurusha na kugeuka kabla haujafika. Haugusi hata ubao. Ukimuuliza anasema, "Kocha, Oklahoma." Ni ule mtupo wa Februari 2016, muda wa nyongeza, 118-118, Curry anavuka nusu ya uwanja taratibu na kuachia kutoka mita 11 na ushee. Mtoto huyo hakuwa amezaliwa! Kauona kwenye simu ya mtu.

Nawaambia warudi ndani, waanze hatua mbili kutoka kwenye ringi. Curry mwenyewe kabla ya kila mechi anaanzia karibu ndipo anatoka nje. Mmoja anasikiliza, tisa wananisubiri nigeuke.

#28 Maskati Usiku

Kocha, Mungu akubariki kwa kazi hiyo.

#29 Mwana Lubumbashi

Ile alfajiri ya 73 mnaikumbuka? Saa ile ile Kobe Bryant wa Lakers anacheza mechi yake ya mwisho, anafunga 60 dhidi ya Utah. Kule Oakland Curry anafunga 46, Memphis wanapigwa 125-104. Huku kwetu ilikuwa usiku, nina runinga moja na kompyuta moja, shingo iliniuma siku mbili.

#30 Kijana wa Arusha

Huku ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, Alhamisi. Nilichagua Kobe kwa sababu bando halikutosha zote mbili. Sijutii.

Niulize wakubwa: Bulls wa 72-10 na hawa wa 73-9 wakikutana, nani anashinda?

#31 Fundi wa Sakafu

Kwa sheria za nani? Sheria za 1996 mlinzi anakushika kiuno kwa mkono na mwamuzi anatazama. Pippen wa Bulls angemshika Curry hadi mwisho.

#32 Dk. Takwimu

Na mstari wa pointi tatu mwaka 1996 ulikuwa umesogezwa karibu, NBA waliufupisha kuanzia 1994 hadi 1997. Mpe Curry mstari ule. Sitaki hata kuiwazia hesabu yake.

#33 Kipanga wa Tanga

Jordan 4-1. Nimemaliza.

Turudi kwenye mada, maana nimeirudia sehemu ya mwisho ya mechi ya saba leo mchana. Mnasema Warriors walichoka, mnasema Barnes, mnasema Kerr. Mimi nimetazama miguu. Zimebaki kama dakika mbili, 89-89, Andre Iguodala anapokea mpira, mbele yake hakuna mtu ila J.R. Smith. Hicho ni kikapu. LeBron wakati shambulizi linaanza yuko nyuma kabisa, upande wa pili wa uwanja. Simamisha video hapo uone alipo. Kisha iachie. Anakuja, anapita watu, anaruka, anaubamiza mpira kwenye ubao kabla haujashuka. Ni dakika ya 46 ya mechi ya saba, ana miaka 31, na yeye pia alikuwa amecheza msimu mzima. Uchovu wake ulikuwa wapi?

Baada ya hapo Kyrie, sekunde 53, anamvuta Curry kulia, anarudi nyuma nusu hatua, tatu. Curry anajibu kwa kumzungusha Kevin Love, mtu mzito ambaye siku zote tulisema hawezi kulinda nje. Love anabaki naye kushoto, kulia, kushoto. Mpira unatoka mkononi, unagonga chuma.

Hao ni watu waliofanya kazi yao. Tuwape chao.

#34 Mtoto wa Kizingo

Kipanga, leo umeandika. Hiyo sehemu ndiyo niliyokuwa msikitini. Mpaka leo sijawahi kuitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, huwa naanza nasimamisha kwenye 89-89.

#35 Kijana wa Arusha

Na je, wangeshinda ile mechi Durant angekuja kwao? Julai 4 alitangaza anakwenda Golden State. Mwaka uliofuata wakashinda 67 tu, lakini mtoano wakafanya 16-1 na kombe wakabeba. Labda kufungwa ndiko kuliwapa makombe mawili yaliyofuata.

#36 Binti Upanga

Hilo nalo neno. Lakini waulize wao kama wangebadilishana. 73 na kombe mwaka ule ule, hakuna ambaye angeigusa milele.

#37 Mzee wa Robo ya Nne

Wakuu, nimesoma yote. Dogo naye nimemkalisha kasoma, kafika hadi ya Dk. Takwimu akachukua daftari akajumlisha 610 kwa 610. Usiku tutaiangalia mechi ya saba pamoja kuanzia robo ya kwanza, nimeshanunua bando.

Kaniambia niwaulize: kama Barnes alikuwa anakosa mitupo ya wazi tangu mechi ya tano, kwa nini hakukalishwa benchi?

#38 Fundi wa Sakafu

Angekalishwa aingie nani? Iguodala mgongo ulikuwa umemkaza tangu mechi ya sita, alikuwa anakimbia kama mzee. Livingston wa benchi hakuwa mtu wa kurusha za mbali.

#39 Nyani Mzee

Unaweza kumtoa Barnes kama una senta wa kukaa chini, Green akasogea nafasi yake. Senta huyo alikuwa nani? Mtajeni kwa jina.